Mali Bila Daftari: Kiswahili na Usimamizi wa Wafanyakazi kwa Njia ya Kidijitali katika Mashamba ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huwafaa wafanyabiashara, lakini huwafaa zaidi watu wasio na mali nyingine isipokuwa nguvu za mikono yao. Mchumaji wa majani chai katika vilima vya Kericho na Bomet hana ghala wala duka. Mali yake ni kilo alizochuma tangu alfajiri, siku alizohudhuria kazini na miaka aliyolitumikia shamba. Jani lake likishaingia kiwandani huchanganyika na majani ya maelfu ya wenzake, na ushahidi pekee unaobaki kwamba yeye ndiye aliyelichuma ni maandishi. Kwa mtu wa namna hiyo, daftari ndilo riziki yenyewe.

Daftari hilo limekuwa likihamia katika kompyuta. Mizani ya elektroniki imechukua nafasi ya mizani ya kuning'iniza, kadi imechukua nafasi ya karatasi, na mshahara uliokuwa ukihesabiwa mezani siku ya malipo sasa hupitia benki au simu ya mkononi. Wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu huyasifu mabadiliko haya na kuyaeleza kuwa ndiyo njia ya kukabiliana na soko la ajira linalogeuka kila uchao. Makala haya hayayapingi mabadiliko hayo. Yanauliza swali moja: daftari hilo jipya limeandikwa kwa lugha ya nani? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mfumo wa kidijitali ambao mfanyakazi hawezi kuusoma haumlindi, hata hesabu zake zikiwa sahihi kiasi gani. Aidha, inadaiwa kwamba kuufanya mfumo huo usomeke ni kazi inayowahusu wanakiswahili kama inavyowahusu mafundi wa kompyuta.

Kibarua, Kipande na Namba

Sehemu kubwa ya historia ya ajira katika Afrika Mashariki imehifadhiwa ndani ya msamiati wa Kiswahili chenyewe. Chukua neno kibarua. Kimofolojia, hili ni neno barua lililopewa kiambishi ki- cha udogo, yaani barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe anapodai ujira wake. Baadaye jina la cheti likamwangukia aliyekishika, na leo msemaji wa Kiswahili akitaja kibarua humfikiria mtu au kazi, wala haikumbuki karatasi. Mtu akapewa jina la hati yake.

Neno la pili ni kipande. Sheria ya kikoloni ya 1915 ya kuwasajili Waafrika, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi kubeba hati yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za ajira yake. Hati hiyo ilitiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe za kuanza na kuacha kazi pamoja na mshahara, na aliyetoroka kazini aliweza kusakwa kwa hati hiyohiyo. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya wafuasi wa Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake mjini Nairobi mnamo Machi 1922 kulizua maandamano yaliyomwaga damu. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanzisha mashamba makubwa ya chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, vibarua waliokwenda kufyeka misitu na kupanda miche walikuwa watu wenye vipande shingoni.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha ni kwamba mtu yule alibeba kifuani mwake habari za maisha yake ambazo hakuweza kuzisoma. Karani alizisoma, askari alizisoma na mwajiri alizisoma. Mwenyewe aliambiwa tu. Mfumo wa kipande uliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini neno lenyewe halikufa. Hadi leo Wakenya wengi hukiita kitambulisho cha taifa kipande.

Mfanyakazi wa leo ana namba. Namba hiyo ndiyo hufungua rekodi yake katika kompyuta ya ofisi, na mara nyingine huambatanishwa na alama ya kidole chake. Si haki kusema kwamba namba na kipande ni kitu kimoja. Kipande kilikuwa chombo cha kumfunga mtu kazini, ilhali namba inaweza kuwa chombo cha kumlipa haki yake. Hata hivyo, katika jambo moja vinafanana: vyote viwili huweka habari za mfanyakazi mahali ambapo wengine huzisoma kwa urahisi kuliko yeye. Kufanana huko ndiko kunakopaswa kukomeshwa.

Manufaa Yasiyopingika

Mkosoaji mwenye insafu hana budi kuanza kwa kukiri mema. Katika mizani ya zamani, mshale ulitikisika, karani akasoma alichokiona au alichopenda kukiona, kisha akaandika. Nusu kilo ilipotea kwa urahisi, na gramu hazikutajwa kabisa. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu aliyepunjwa nusu kilo katika kila safari ya mizani alipoteza sehemu ya kutajika ya mshahara wake ifikapo mwisho wa mwezi, wala hakuwa na mahali pa kuulizia. Mizani ya elektroniki huonyesha hata gramu na huhifadhi kila uzito pamoja na saa na tarehe.

Wakulima wadogo nao wameonja mabadiliko hayo. Shirika la KTDA, lililoundwa mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kampuni mnamo 2000, lilileta mizani ya elektroniki katika vituo vya kununulia majani chai. Mkulima apelekaye majani yake kwa viwanda kama Litein, Kapkatet na Momul upande wa Kericho, au Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet, hutambuliwa kwa namba yake, na uzito wa majani yake huingia moja kwa moja katika hesabu.

Faida ya pili ni usalama wa malipo. Tangu M-Pesa ianzishwe mnamo Machi 2007, mfanyakazi aliyeacha familia Kisii, Bomet au Kakamega anaweza kuwatumia watu wake fedha siku ileile aliyolipwa. Halazimiki tena kufunga noti katika kitambaa na kusafiri nazo usiku.

Faida ya tatu ni nzito zaidi. Katika mashamba mengi, tangu zamani, kupata kazi kulitegemea neno la nyapara au msimamizi. Yeye ndiye aliyejua nani ataitwa msimu wa majani mengi utakapofika, nani atapewa eneo lenye majani na nani atapelekwa kwenye michai iliyokatwa juzi. Mamlaka ya namna hiyo, yasipoandikwa popote, huzaa dhuluma. Mnamo Februari 2023, shirika la utangazaji la BBC lilitangaza uchunguzi kuhusu wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho waliosema kwamba walidaiwa ngono na wasimamizi wao ili wapate au wadumishe kazi. Habari hizo zilisikitisha ulimwengu, lakini ni vyema kuuliza pia ziliwezekanaje. Ziliwezekana kwa sababu mlango wa kazi ulishikwa na mtu mmoja, naye hakuwa na daftari la kumsuta. Mfumo unaosajili maombi ya kazi kwa zamu, unaoandika sababu ya mtu kukataliwa, na unaoonyesha ni nani aliyegawa maeneo ya kuchuma, humpunguzia msimamizi nafasi ya kudai rushwa ya aina yoyote. Haumalizi uovu, lakini huuachia alama.

Hata hivyo, alama hiyo itamfaa mnyonge iwapo tu anajua kwamba ipo na anaweza kuisoma.

Lugha ya Mashine na Haki ya Mchumaji

Mfano wa kubuni utasaidia kulieleza tatizo. Mama mmoja, mchumaji wa miaka 18 kazini, anapokea hati ya mshahara wa mwezi. Anajua vizuri alichochuma, kwa kuwa wachumaji wengi huhesabu kilo zao kichwani kwa uhodari wa kushangaza. Anatazama hati na kuona safu ya vifupisho vya herufi tatu tatu vya Kiingereza, na mbele ya kila kifupisho kuna tarakimu. Tarakimu ya mwisho ni ndogo kuliko ya mwezi uliopita, ingawa mwezi huu alichuma zaidi. Je, alikatwa nini? Ni mkopo wa chama cha akiba? Ni ada ya chama cha wafanyakazi? Ni siku moja aliyohesabiwa kuwa hakufika ilhali alifika, pengine kwa sababu kidole chake kilichokwaruzwa na vijiti hakikusomwa na mashine asubuhi? Hati inalo jibu. Yeye hana.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini makato yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2024 pekee, sura ya hati ya mshahara nchini Kenya ilibadilika mara mbili. Mnamo Machi, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliidhinisha tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi. Mnamo Oktoba, mchango wa Bima ya Afya ya Jamii wa asilimia 2.75 ulichukua nafasi ya ule wa hazina ya zamani ya NHIF. Mwalimu wa chuo kikuu alisoma habari hizo gazetini, akanung'unika, akaelewa. Mchumaji aliona tu vifupisho vipya vikijitokeza na mshahara ukipungua. Panapokosekana maelezo, uvumi hushika usukani: atamshuku karani, atamshuku mwajiri, na pengine atawashuku bila kosa. Kwa hiyo hati isiyosomeka humdhuru hata mwajiri mwaminifu.

Sheria ya nchi haikulisahau suala la lugha. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu mfanyakazi kuukubali mkataba wa maandishi kwa saini au kwa kutia alama ya kidole mbele ya mtu asiyekuwa mwajiri wake. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri, pale mfanyakazi asipojua kusoma au asipoielewa lugha ya mkataba, ahakikishe kwamba ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Watunga sheria walitambua kwamba kidole kinaweza kukubali jambo ambalo akili haijalielewa, wakaweka kinga. Swali ni kama kinga hiyo imeufuata mkataba ulipohama kutoka karatasini kwenda kwenye skrini. Kidole kinachogusa kioo cha mashine ni kilekile kilichochovywa wino. Tofauti ni kwamba shahidi aliyesimama kando ameondoka.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imekwenda mbali zaidi. Inampa kila mtu haki ya kuarifiwa jinsi data zake zitakavyotumika, haki ya kuziona na haki ya kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Aidha, inampa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine peke yake. Hizi ni haki adhimu. Hata hivyo, hakuna awezaye kudai kusahihishwa kwa kosa asilolijua, na asiyeisoma rekodi yake hawezi kulijua kosa lililomo. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili za Jamhuri. Ni vigumu kueleza kwa nini lugha hiyo rasmi huishia kwenye lango la shamba.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi wakati wa kupunguza wafanyakazi, na huo ndio wakati uliopo. Mashine za kuchuma chai zilipoanza kuenea, wafanyakazi waliitikia kwa migomo, ukiwemo ule wa Oktoba 2010. Mnamo Mei 2023, hasira zilipanda hadi mashine zikateketezwa kwa moto mashambani Kericho, na kukawa na vifo na majeruhi. Jopokazi lililoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho lilikadiria kwamba takribani ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa mwongo mmoja kutokana na mashine hizo. Mabadiliko ya soko la ajira, ambayo katika vitabu vya usimamizi huelezwa kwa michoro na mishale, huku Kericho yana harufu ya moshi.

Basi mashine inapochukua kazi ya watu, ni nani anayebaki na ni nani anayeondoka? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri azingatie muda ambao mtu ametumikia, ujuzi wake, uwezo wake na kutegemeka kwake, na amlipe anayeondoka malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Vigezo hivyo vyote hutoka katika rekodi. Muda wa utumishi ni tarehe iliyoingizwa katika kompyuta. Uwezo ni jumla ya kilo. Kutegemeka ni hesabu ya siku za kuhudhuria. Ikiwa karani aliyenakili daftari la kale alikosea mwaka wa kuajiriwa, mtu aliyetumikia miaka 21 huandikwa 12, na miaka tisa ya jasho lake hufutika kwa kugeuza tarakimu mbili.

Hatari hiyo huongezeka mashamba yanapobadilisha wamiliki. Mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond yalikuja kuwa ya Unilever, kisha mnamo 2022 biashara hiyo ya chai ikauzwa na baadaye kujulikana kwa jina la Lipton Teas and Infusions. Mnamo 2023, kampuni ya Browns ya Sri Lanka iliafikiana kununua biashara ya James Finlay Kenya, na mnamo 2024 Lipton ikatangaza kuiuzia kampuni hiyohiyo mashamba yake ya Afrika Mashariki. Kila uhamisho wa umiliki huandamana na uhamisho wa rekodi. Hakuna anayedai hapa kwamba kosa lolote limetendwa katika uhamisho huo. Linalodaiwa ni kwamba mkaguzi bora wa rekodi ya mchumaji ni mchumaji mwenyewe, na kumwacha nje ya ukaguzi huo ni kutupa kinga isiyogharimu chochote.

Hoja za Wanaopinga

Zipo hoja kadhaa zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza ndicho lugha ya uhasibu, ya kodi na ya wanunuzi wa ng'ambo, na kwamba programu nyingi za usimamizi huuzwa zikiwa tayari katika lugha hiyo. Hoja hii ina ukweli, lakini haiwi pingamizi. Kompyuta haihifadhi mshahara kwa lugha yoyote. Huhifadhi tarakimu, kisha huzivisha maneno inapozionyesha. Rekodi moja inaweza kusomwa na mhasibu kwa Kiingereza na kuonekana katika simu ya mchumaji kwa Kiswahili. M-Pesa yenyewe imempa mtumiaji nafasi ya kuchagua Kiswahili, na mamilioni ya watu wasio na elimu ya kompyuta wameizoea bila kupelekwa darasani.

Hoja ya pili ni ile kongwe, kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Ilikwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Katika suala la ajira, msamiati huo haukuhitaji hata kuundwa. Wafanyakazi wanao: mshahara, ujira, makato, marupurupu, likizo, bonasi, ovataimu, fidia, kuachishwa, kiinua mgongo. Neno hili la mwisho lina picha kamili ya mtu aliyeinama miaka mingi, ambaye siku ya kustaafu anasaidiwa kuunyosha mgongo wake. Lugha iliyozaa neno kama hilo haiwezi kusemwa kuwa ni maskini katika mambo ya kazi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kericho na Bomet ni nchi ya Wakipsigis, na wako wafanyakazi, hasa wa makamo na wazee, ambao Kiswahili chao ni cha kusikia na si cha kusoma. Wengine hawasomi lugha yoyote. Je, kubadilisha Kiingereza kwa Kiswahili hakutakuwa kumwondoa mgeni mmoja na kumkaribisha mwingine? Jibu ni kwamba Kiswahili si mgeni mashambani. Ndicho Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya wa makambi hayo huzungumzia kwenye mizani, kwenye bomba la maji na katika mikutano ya chama. Hata hivyo, pingamizi hili linafunza jambo: maandishi peke yake hayatoshi. Mfumo ambao unaweza kuandika unaweza pia kusema. Anayepiga namba fulani ya simu na kusomewa kilo zake za wiki na makato yake kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kikipsigis, amefikiwa na daftari lake hata kama hajui kusoma.

Kuna onyo jingine ambalo wanakiswahili wanapaswa kulielekeza kwao wenyewe. Kiswahili cha makongamano si Kiswahili cha mashambani. Wataalamu wametumia miaka mingi kubishana kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mchumaji hakuungoja uamuzi wao. Hati ya mshahara iliyojaa istilahi zilizotungwa mezani itakuwa ngeni sawa na ile ya Kiingereza, tena itakuwa na aibu ya ziada ya kudai kwamba ni ya nyumbani.

Wajibu wa Wanakiswahili

Nini basi kifanyike? Kwanza, utafiti wa nyanjani unahitajika. Maneno yanayotumika kwenye mizani na siku ya malipo, ya Kiswahili sanifu, ya mitaani na ya mkopo, yakusanywe kabla hayajasahauliwa. Chuo Kikuu cha Kabianga kimezungukwa na michai. Mwanafunzi wake wa isimu hahitaji nauli kubwa kufika alipo mtoa habari. Aidha, vyuo vingine vyenye idara za Kiswahili vinaweza kushirikiana nacho.

Pili, tafsiri yoyote ya mikataba, hati za mishahara na maelezo ya kinga za data ipimwe kwa wanaoitumia. Kipimo chenyewe si kigumu. Mchumaji apewe hati ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, kisha aulizwe kwa nini mishahara inatofautiana. Akieleza sawasawa, tafsiri imefaulu. Akishindwa, kosa ni la mfasiri.

Tatu, lugha iingizwe katika makubaliano ya pamoja yanayojadiliwa kati ya chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, na chama cha wakuza chai. Makubaliano hayo hutaja viwango vya malipo kwa kilo, nyumba na likizo. Kuongeza humo kifungu kimoja kinachosema kwamba kila mfanyakazi atapata rekodi zake kwa Kiswahili, na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, hakutamfilisi mwajiri yeyote.

Nne, wanafunzi wa fasihi nao wajihoji. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, imechambuliwa katika tasnifu na mitihani mingi. Wahakiki wamemsifu mwandishi kwa kuwapa sauti wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Sifa hiyo ni haki. Lakini mhakiki anayeweza kujaza kurasa 20 juu ya usawiri wa mfanyakazi riwayani, na asijue hati ya mshahara ya mfanyakazi wa kweli imeandikwaje, ameusoma upande mmoja tu wa jambo. Mkataba nao ni matini. Una msimulizi, una hadhira inayodhaniwa, una maneno yanayoficha na yanayofichua. Zana zilezile za uhakiki zinaufaa.

Faida haitakuwa ya wachumaji peke yao. Wahitimu wa Kiswahili huambiwa kila mara kwamba soko la ajira limebadilika na kwamba shahada yao haina pa kwenda zaidi ya darasani. Kazi ya kuandika, kutafsiri, kusoma kwa sauti na kupima lugha ya mifumo ya kidijitali ipo, na inangoja watu wenye ujuzi huo. Lakini soko halitawafuata vyuoni. Itabidi wao walifuate hadi kwenye mizani.

Hitimisho

Mabadiliko ya kidijitali katika usimamizi wa wafanyakazi hayatarudi nyuma, na hakuna sababu ya kuyatakia mabaya. Mizani iliyo sahihi ni bora kuliko mshale unaotikisika, na mlango wa kazi unaosimamiwa na kumbukumbu ni bora kuliko mlango unaosimamiwa na nyapara. Makala haya yameonyesha, hata hivyo, kwamba usahihi wa hesabu haumfai mtu asiyeweza kuihakiki, hususan wakati ambapo rekodi hizo ndizo zinazoamua nani atabaki kazini na nani atakwenda zake, na kwa malipo gani.

Aliyevaa kipande shingoni alilazimika kumwomba karani amsomee habari zake mwenyewe. Tangu enzi hizo umepita muda wa zaidi ya miaka 75, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi, na wajukuu wa watu wale wengine wamo katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu. Itakuwa ajabu iwapo mchumaji wa Kericho na Bomet ataendelea kumtafuta karani. Daftari lipo. Linalobaki ni kumwezesha mwenye mali alisome.